Mashine Kumi na Moja Zilizokufa kwa Pamoja

Wadogo zangu wa Kidato cha Pili mlioachiwa ufunguo wa chumba cha kompyuta, kaeni vizuri, mzee wenu anazungumza. Naitwa Makame, nna miaka kumi na saba, na mimi ni mstaafu. Msicheke. Nimekitumikia chumba hicho miaka miwili kasoro miezi, bila mshahara, bila posho, bila hata skonzi ya mapumziko, na mwezi uliopita nimestaafishwa kwa manufaa ya umma. Wastaafu wengine wanalalamika mgongo. Mimi mgongo mzima. Kinachoniuma ni kidole cha kubonyezea, kimezoea kazi, sasa kinabonyeza meza tu.

Nitakayokwambieni hapa hamtoyakuta kitabuni. Ya kitabuni atakusomesheni Mwalimu Zuhra, na mkimsikiliza mtafaulu. Haya yangu ni ya yule aliyeharibu kwanza akaelewa baadaye.

Tuanze na kitambaa. Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa kitambaa kibichi nikaambiwa, "Futa mashine zote, vumbi lisionekane." Nikafuta kwa moyo wangu wote. Nikafuta vioo, nikafuta migongo, nikafuta na vile vitufe vya mbele. Kumbe vitufe vya mbele ndivyo vya kuzimia. Watu wanne walikuwa katikati ya insha. Dada mmoja wa Kidato cha Nne aliniangalia, akachukua kitambaa mkononi mwangu, akanifuta nacho uso. Tangu siku hiyo najua: kitambaa kikavu, na mkono usipite pale usipopajua.

Jengine ni paka. Mashine kubwa ya ghorofani ina joto zuri, na paka wote wa mtaa wanalijua joto hilo kuliko sisi. Ukimkuta paka amelala juu yake usimfukuze kwa kelele, atakimbia na waya shingoni. Mpe kichwa cha dagaa mlangoni, atashuka kwa heshima zake.

Sasa ieleweni nyumba, maana asiyeijua nyumba hataelewa maiti zilipotokea. Skuli yetu ni nyumba ya zamani ya Mji Mkongwe, na walioijenga hawakuwa na fikra za waya. Mashine kumi na moja ziko chini. Hazina diski ndani, zilikuja hivyo hivyo, matumbo matupu. Kila kitu chao kiko kwa mashine moja kubwa ghorofani, katika chumba cha walimu, ambayo sisi tunaiita Mama. Ukiwasha mashine ya chini, inamwita Mama kwa waya: nipe mfumo, nipe faili. Ukihifadhi insha yako, insha inapanda juu kwa Mama. Wewe unaiona mbele yako, lakini iko ghorofani. Huo ndio mfumo wa faili wa mtandao, na jina lisikutisheni. Ni kama mtu aliyepanga chumba kisicho na kabati, nguo zake zote ziko kwa mama'ke. Akitaka shati lazima apige hodi.

Baina ya Mama na watoto wake kuna kisanduku cheusi chenye taa kumi na mbili za kijani zinazokonyeza. Kimewekwa nyuma kabisa, katika kichumba cha mafagio, kinachopakana na ua wa msikiti. Waya zote zinapita hapo. Taa zikikonyeza, insha zinapanda.

Na ndani ya kila mashine kuna kiini. Kiini ni ile programu ya chini kabisa, haina picha wala sauti, kazi yake kugawa: nani apate memori, nani asubiri. Memori ni ile nafasi ya kufanyia kazi, na ya mashine zetu ni ndogo, kama meza ya muuza karanga. Ikijaa, kiini hakibembelezi mtu. Kinachagua kazi moja, kinaiua, kinachukua nafasi yake. Ndiyo lugha yao, kuua. Na kazi iliyozaliwa na kazi nyengine inaitwa mtoto. Hapo pa mtoto pakumbukeni, ndipo nilipojichimbia shimo.

Mwezi wa nane mwishoni, wanafunzi walikuwa wanalalamika mashine nzito. Mimi nikasoma mahali kwamba memori ikiwa ndogo unaweza kuitafutia pahala pa akiba: vile visivyohitajika sasa hivi mashine inavipeleka kando, ikivitaka inavirudisha. Kawaida kando hapo ni kwenye diski ya mashine yenyewe. Zetu hazina diski. Basi nikaona, si Mama yupo? Nikaandika mstari mmoja, nikazifundisha zote kumi na moja zipeleke akiba yao kwa Mama kupitia waya. Zikawa nyepesi ghafla. Rauhia, mwenzangu wa zamu, msichana wa Mwanakwerekwe mwenye ulimi wa kukatia mbatata, akanipa jina pale pale.

"Injinia."

"Asante."

"Sijakusifu, nimekuita tu. Mwalimu unamwambia au humwambii?"

"Nitamwambia."

Sikumwambia. Nilitaka agundue mwenyewe, ashangae, aulize ni nani, halafu mimi nijikohoze.

Wiki moja baadaye, kipindi cha Kidato cha Kwanza kabla ya Adhuhuri, mashine zote kumi na moja zikaganda. Mishale haitembei, herufi haziandikiki. Tukasubiri. Baada ya dakika kadhaa skrini moja ikageuka nyeusi, ikajaa maandishi meupe, halafu ya pili, halafu zote.

"Makame, njoo uisome hii," Rauhia akaniita.

"Soma wewe, si ndiye unayekipenda Kiingereza."

Akasoma, akatafsiri kwa sauti, neno moja moja, darasa zima likisikia: "Memori imekwisha. Ua kazi namba elfu moja na sitini, au... au toa mtoto kafara."

Wallahi ndivyo ilivyoandika. Waliotengeneza kiini kile cha zamani walikuwa watu wa mzaha kama mimi. Kitoto kimoja cha mbele kikauliza kwa sauti nyembamba, "Mtoto gani?"

Mtu mwenye busara hapo angeeleza. Mimi nikavitazama vile vichwa arubaini, ulimi ukaniwasha.

"Haikutaja jina," nikasema. "Imesema yeyote aliye karibu na skrini."

Chumba kikabaki na viti. Kiatu kimoja kilisahauliwa mlangoni, na mwenyewe hakukirudia mpaka keshoye akiwa na kaka yake. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Rauhia hakucheka.

"Utaona," akasema.

Nikaona. Jioni ile Rauhia alifika kwao akaikuta habari ishamtangulia: kompyuta za skuli ya mjini zimemeza watoto wawili, mmoja katapikwa. Pale Darajani wauza samaki walikuwa wanaulizana kama ni wavulana au wasichana. Na mashine nazo, kama zilizosikia sifa zao, keshoye zikafa tena. Na keshokutwa, na mtondoo. Bibi mmoja alikuja skuli na chetezo cha ubani, akafukiza mashine namba saba kwa kuwa ndiyo iliyomtisha mjukuu wake. Feni ikavuta moshi wote ndani. Mpaka leo namba saba ikipata moto inanukia harusi.

Wazazi kumi na wawili wakaandika barua: watoto wetu wasiingizwe chumba kile. Mwalimu Mkuu akamwita Mwalimu Zuhra, na mimi nikawa nimepita tu karibu na mlango, kwa bahati, nikasimama.

"Bi Zuhra, mimi siamini majini ya umeme," alisema Mwalimu Mkuu. "Lakini mzazi akimtoa mtoto wake, hilo naliamini kwa sababu naliona. Nakupa mpaka Alhamisi ya mwisho ya mwezi. Nitakuja mwenyewe. Zikifa mbele yangu, chumba tunakifanya ghala la madawati."

"Na mimi, Mwalimu Mkuu?"

"Wewe ni wa kujitolea, bibi. Somo likiwa halipo, nitakuombea nafasi yako kwa hoja gani?"

Hamu ya kucheka ikaniisha. Mwalimu Zuhra miaka miwili anafundisha bila kuajiriwa, anatoka Kidichi kila alfajiri. Mashine zile alizitafuta yeye, alizisukuma na mkokoteni yeye, namba zilizobandikwa juu yake ni mwandiko wake. Chumba kikifungwa anarudi kwao kumenya mdalasini na mama yake, na yule aliyewafanya wazazi waandike barua ni mimi. Nilikwenda mpaka mlangoni kwake nimwambie. Akaniangalia, akasema, "Makame, njoo, nakuhitaji," na mimi, badala ya kusema, nikavimba kichwa.

Hapa sasa ndipo kwenye kazi yenyewe, sikilizeni.

Alinipa daftari. "Kila zikifa, andika. Siku, saa, dakika, nani alikuwa anafanya nini, na umegusa nini."

"Mwalimu, si nikishajua sababu ndiyo niandike?"

"Ukishajua sababu utaandika ya nini? Andika usichokijua."

Nilikuwa nadharau daftari. Mimi mtu wa kugusa. Nilishuku joto, nikafungua madirisha, zikafa na upepo. Nilishuku panya, nikabadilisha waya wa namba tatu, ikafa na waya mpya. Nilishuku mtoto mmoja aliyekuwa anaangalia mipira kwa siri, nikamtoa, zikafa yeye yuko nje anakula urojo. Daftari likaendelea kujaa, mwandiko wa hasira.

Kisha Mwalimu Zuhra akanionesha kitu ambacho nakurithisheni. Ndani ya mfumo kuna faili ambalo si faili. Ukilifungua, kiini kinakusomea hesabu ya memori yake hapo hapo, mstari kwa mstari. Mnaweza kuliweka lijisome upya kila sekunde. Tazameni mistari miwili tu: memori iliyobaki huru, na memori chafu. Chafu si tusi. Ni maandishi ambayo mashine ya chini ishayaandika lakini hayajafika kwa Mama. Siku njema, chafu inapanda na kushuka, inapanda na kushuka, kama tumbo la mtu aliyelala. Nikakaa nayo. Ilipokaribia kufa, chafu ikapanda. Ikapanda. Haikushuka. Memori huru ikawa inakwisha huku naiona.

"Insha haziendi juu!" nikapiga kelele. "Mama hapokei!"

Nikapanda ngazi mbio. Mama mzima wa afya, paka kalala juu yake. Nikashuka mbio mpaka kichumba cha mafagio. Taa zote kumi na mbili zinanikonyeza. Nikarudi chumba cha kompyuta, mashine zote zimekufa, maandishi meupe yale yale.

Hapo nilikata tamaa. Zimebaki siku tatu. Nilikuwa nimeinamisha kichwa juu ya meza, Rauhia anapekua daftari langu.

"Makame."

"Nimekufa. Ongea na namba saba."

"Saa zako hizi zinarudi nyuma."

"Saa haziwezi kurudi nyuma."

"Zako zinaweza. Tazama. Mwanzo wa mwezi, saa sita na ishirini na tatu. Wiki ya pili, ishirini na mbili, ishirini. Wiki hii kumi na sita, kumi na tano. Kila wiki dakika mbili tatu. Kitu gani kinarudi nyuma polepole namna hii?"

"Akili yako."

Aliinuka na daftari, akenda ukutani palipotundikwa kalenda ya sala, ile tunayopewa dukani, akaweka kidole. Akateremsha kidole kwenye kalenda, kingine kwenye daftari, sambamba. Mistari kumi na minne. Alipofika chini aligeuka.

"Adhuhuri," akasema. "Zote. Siku zote."

Adhana ya msikiti ule tunaisikia kila siku ukutani hapo, wala hakuna aliyewahi kuihesabu. Na mimi niliyelitunga lile jini kwa mdomo wangu, nikaanza kuliamini.

"Rauhia, jini gani linaanguka likisikia adhana?"

"Jini la kawaida. Ndivyo yanavyoanguka." Halafu akaniona uso. "Makame! Hebu acha ujinga. Nani anagusa nini saa hiyo? Kajifiche mahali uangalie."

Nikajificha kichumba cha mafagio, nyuma ya mafagio marefu, kabla ya Adhuhuri ya Jumanne. Nimekaa na buibui mmoja, tukawa marafiki. Mara mlango wa upande wa msikiti ukafunguliwa polepole, akaingia Mzee Vuai, mwadhini, kanzu nyeupe, waya mrefu umezungushwa begani. Akakiinamia kile kisanduku. Akachomoa umeme wake kwenye soketi taratibu, kwa adabu kabisa, kama mtu anayemvua mtoto kofia. Taa kumi na mbili zikazimika. Akachomeka waya wake. Uani pampu ya maji ikaanza kunguruma.

Nikatoka. "Shikamoo babu!"

Mzee aliruka, kofia ikaanguka. "Marahaba! We mtoto, unafanya nini ndani ya mafagio?"

"Nnamsubiri jini."

"Umempata?"

"Naona kama nshampata. Babu, hicho ulichokichomoa unakijua ni kitu gani?"

"Hiki? Si vitaa vyenu vya mapambo. Nikasema watoto wanapenda kumeta. Soketi yetu ya msikitini imeungua, na watu lazima wapate maji ya udhu, basi nakiazima kijishimo hiki mpaka tangi lijae. Nikimaliza nakirudisha. Wala sijasahau hata siku moja."

"Babu, mashine zetu zote zinakufa kwa hicho!"

Mzee akashika kifua. "Zinakufa? Kwa mkono wangu?" Niliona anavyoumia, na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa nimejaa furaha, nishapata mtu wa kubeba lawama. Nikaondoka mbio kabla hajamaliza kuuliza.

"Mwalimu! Nimemkamata!" Nikamhadithia Mwalimu Zuhra yote, pampu, tangi, vitaa vya mapambo. Rauhia alikuwepo. Nilidhani watapiga makofi. Mwalimu Zuhra alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja.

"Umemuuliza anafanya hivyo tangu lini?"

Sikumuuliza. Akaninyooshea kidole mlango. Nikarudi kichumbani, mzee bado yuko pale, anakipangusa kisanduku kwa ncha ya kanzu.

"Babu, samahani. Hili unalifanya tangu lini?"

"Tangu mwaka juzi, baba. Wewe hujaota hata hicho kindevu."

Njia ya kurudi ni hatua ishirini. Nilizitembea kama mtu anayekwenda kupigwa sindano. Mwaka juzi. Miaka miwili kila Adhuhuri kisanduku kinazimika, na mashine haijafa hata moja. Zilikuwa zinaganda dakika kumi, sisi tunasema mashine nzito leo, kisha zinaendelea. Mtoto wa Mama akinyimwa jibu hafi, anasubiri. Zimeanza kufa mwezi huu.

"Mwaka juzi," nikasema.

"Basi mwezi huu kimebadilika nini?" akauliza Mwalimu Zuhra.

Rauhia aliniangalia, akalifunga daftari. Ikabidi niseme. Ile akiba, ule mstari mmoja.

Hakunigombeza. Alichora chumba ubaoni. "Fikiri chumba kimejaa vitu mpaka juu. Unataka nafasi, basi utoe kabati nje. Ili ulitoe kabati lazima mlango ufunguke kwa ndani. Na mlango haufunguki, kwa sababu kabati limeuegemea." Akanikabidhi chaki. "Sasa eleza wewe."

Nikaeleza, uso unaniwaka. Kisanduku kikizimika, insha haziendi, memori inajaa chafu. Kiini kinataka nafasi, kinasema peleka vitu kwenye akiba. Akiba iko kwa Mama, na Mama hafikiki. Kinaanza kuua, kinaua hata vile vinavyohitajika. Halafu Mzee Vuai anarudisha umeme, taa zinakonyeza, Mama anaita. Lakini hata kumjibu Mama kunataka memori kidogo, ya kuandikia ujumbe, na hiyo kidogo haipo. Ili upate memori lazima upeleke, na ili upeleke lazima uwe na memori. Kabati na mlango. Ndiyo maana kila nikifika nakuta taa zinawaka na maiti kumi na moja.

"Nani kaliegemeza kabati?" akauliza Rauhia.

"Nshasema mimi."

"Nilitaka kusikia tena."

Ule mstari niliufuta kwa mikono yangu, mashine moja moja. Nikapunguza na kiwango cha chafu, ili mwandishi asubiri mapema kabla memori haijajaa. Kisha nikasema, "Mwalimu, tukanunue ekstensheni Darajani, mzee apate soketi yake, tumalize."

"Tutanunua Ijumaa. Alhamisi nataka kisanduku kizimwe."

"Mbele ya Mwalimu Mkuu?"

"Hasa mbele yake. Tukinunua ekstensheni kesho hatutajua kama tumezitibu mashine au tumemhamisha mzee tu. Siku umeme wa kisanduku ukikatika wenyewe tutamlaumu nani?"

Yashikeni maneno hayo. Mimi siku ile niliyaona ni wazimu.

Alhamisi akaja Mwalimu Mkuu, akasimama nyuma ya darasa, mikono kifuani. Kidato cha Kwanza walikaa kwenye ncha za viti, kila mmoja mguu mmoja uko nje tayari. Rauhia alikuwa kichumbani na Mzee Vuai, ambaye alikataa mara tatu kuchomoa mpaka akaapiwa kwamba haui mtu. Mwalimu Zuhra akawaambia watoto waandike insha. Wakaandika. Mara herufi zikaacha kutoka.

"Zimeganda," akasema Mwalimu Mkuu.

"Zinasubiri," akasema Mwalimu Zuhra.

Pampu inanguruma ukutani. Dakika tatu. Dakika tano. Nautazama mstari wa chafu katika namba saba, umepanda, umesimama. Umesimama! Dakika nane. Kile kitoto cha mbele kikaanza kukusanya kalamu zake. Dakika kumi pampu ikanyamaza. Tukasikia mzee anajikohoza uani, na adhana ikaanza. Hakuna kilichotokea. Mwalimu Zuhra alikuwa ameshika ukingo wa meza, na mimi nikafikiria mdalasini.

Halafu kwenye skrini ya namba saba zikatoka herufi tano kwa mpigo, zile alizobonyeza mtoto muda wote ule kwa woga. Kisha namba mbili. Kisha mstari mzima wa dirishani. Zote kumi na moja. Kitoto cha mbele kikasema, "Imenikumbuka!" na darasa likaripuka.

Mwalimu Mkuu alingoja adhana iishe, akaitikia, akatabasamu kidogo sana. "Chumba kinabaki. Lakini nataka niandike ripoti. Hiyo akiba mbovu ni nani aliyeiweka?"

"Chumba ni changu, Mwalimu Mkuu," akasema Mwalimu Zuhra. "Kila kinachofanywa humu nimekifanya mimi."

Mwalimu Mkuu akatoa kalamu. Akaanza kuandika. Mtu wa kujitolea, miaka miwili, na ripoti yake ya kwanza inakwenda kuandikwa kuwa kaharibu mashine za skuli. Naiona kalamu inatembea. Nilikuwa na mizaha mingi kichwani, hakuna hata mmoja uliokubali kutoka.

"Ni mimi," nikasema.

"Wewe nini?"

"Akiba niliiweka mimi, bila kumwambia Mwalimu. Na ya jini nimesema mimi. Barua za wazazi ni zangu, yaani zimetoka kwangu."

Mwalimu Mkuu akaisimamisha kalamu. "Kuna jengine?"

"Ile picha yako iliyowekwa masharubu kwenye skrini zote siku ya michezo..."

"Basi, basi! Utamaliza na makosa ya wenzako." Akanyoosha mkono, kiganja juu. "Ufunguo."

Nikautoa mfukoni. Ulikuwa na joto. Akampa Mwalimu Zuhra, akakata ule mstari alioandika kwa mistari miwili, akaandika upya, na safari hii niliona anaandika kwa raha, na jina lililoandikwa ni refu zaidi: langu, la baba na la babu. Akatoka kwenda kusali.

Jumaatatu nilizunguka skuli nzima, darasa kwa darasa, kuwaeleza watoto kwamba kompyuta haili mtu. Hiyo ndiyo sehemu ya pili ya adhabu. Ya kwanza mnaijua: nisikiguse kitu chochote chumbani mpaka nimalize skuli.

Siku hiyo hiyo nilipokuwa nateremka ngazi Mwalimu Zuhra aliniita.

"Makame, kesho utakuja?"

"Nimestaafu, Mwalimu."

"Umekatazwa kugusa. Kuna kiti kwa nje, chini ya dirisha."

Basi nipo, wadogo zangu. Ukikwama, usiguse kwanza. Andika saa, andika dakika, kisha fungua dirisha useme kwa sauti. Iliyostaafu ni mikono tu.